Pembe ya Mwenye Ploti

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na sikuwahi kumuuliza. Sokoni nilijifunza kutouliza swali ambalo jibu lake halibadilishi bei. Nilimkuta tayari mzee, tayari amekaa langoni juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliopinduliwa, amevaa koti la mwanamume juu ya rinda la maua, na hivyo ndivyo alivyobaki miaka yote niliyomjua. Sisi wapangaji tulimwita Mwenye Ploti. Mbele yake tulimwita Shosho, kama Wakikuyu wanavyomwita nyanya, tukitumaini kwamba nyanya hamfukuzi mtu upesi.

Ploti yenyewe ilikuwa Kawangware, nyuma ya maduka ya misumari na mabati ya steji ya matatu iitwayo 56. Safu mbili za vyumba zilitazamana kama watu waliogombana, uwanja wa udongo katikati, tangi la maji upande mmoja, choo upande wa pili, na juu ya yote kamba ya kuanikia nguo. Siku ya kwanza nilihesabu milango nikapata kumi na mitatu. Nikahesabu tena nikapata kumi na miwili na banda la mbuzi. Nina tabia hiyo ya kuhesabu mara mbili, na watu hudhani ni ya biashara. Ni ya changaa. Miaka niliyokuwa nakunywa kule Kibera kila kitu kilikuwa kinanijia viwili viwili, na nilipoacha nikabaki na mazoea ya kuhakikisha.

Tulifika kwake wawili, mimi na Nekesa. Nekesa alisuka nywele katika saluni moja hapo steji. Mimi niliuza suruali za mitumba za wanaume, na nilizivaa pia, jambo ambalo siku hizo liliwafanya wanawake wa sokoni wanitazame kutoka chini kwenda juu na wanaume kutoka juu kwenda chini. Mwenye Ploti alituonyesha chumba cha pembeni mwa choo. Mimi nikataka kile cha karibu na lango. Kodi sikuigusa, kwa sababu kodi ya Kawangware haina masikio, nilipigania mlango. Nikasema cha chooni kina harufu. Akasema harufu haimsumbui mtu anayetoka mapema kwenda kazini. Nikasema bati lake limetoboka. Akasema sasa nina dirisha na bado nalalamika. Nikaondoka hadi barabarani, kama mnunuzi anavyoondoka akitaka kuitwa, na hakuniita. Nikarudi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

“Unakunywa?” akaniuliza.

“Nilikuwa nakunywa, Shosho.”

“Sijakuuliza ya jana.”

“Sinywi.”

“Bwana yako wapi?”

“Sina.”

“Na huyu?” Alimwonyesha Nekesa kwa kidevu.

“Ni rafiki yangu.”

Alitutazama kama mtu anavyotazama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, akipima ni yupi anamvuta mwenzake. Kisha akatupa mlango wa langoni. Alisema anapenda kumwona kila mlevi anayepita, na yule wa zamani ni vizuri akae karibu zaidi. Jina langu hakulitaja siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Kwa kuwa kwetu ni upande wa ziwa aliniita Wa Samaki, ijapokuwa samaki sipendi, na nilimweleza hivyo, na akasema hilo ni shauri langu na samaki.

Nilisema juu ya kamba. Kamba ya nguo ilikuwa gazeti lake. Alikuwa ameigawa kwa vitambaa vyekundu vilivyofungwa hapa na pale, kila nyumba na kipande chake, na ole wako uanike soksi ng'ambo ya kitambaa. Asubuhi, akishakunywa chai, alikaa kwenye mtungi wake na kutusoma. Shati jipya la mwanamume kwenye kipande cha mjane lilimpa kazi ya wiki nzima. Ovaroli ya fundi isipoonekana, alijua mjengo umesimama. Alijua mtoto wa nani bado anakojoa kitandani na mke wa nani amerudi kwao na mablanketi. Sisi alitupa vipande viwili, ingawa mlango wetu ulikuwa mmoja. Watu wawili, akasema, vipande viwili. Basi suruali zangu zikawa zinaning'inia upande huu wa kitambaa na marinda ya Nekesa upande ule, kama watu waliokutana tu kwenye foleni ya maji.

Aliyehesabu kitanda alikuwa Mama Grace wa mlango wa tano, mama wa kanisa ambaye siku ya kuhamia alitusaidia kubeba vitu na kwa njia hiyo akaona vyote. Vyombo hivi, stovu hii, kitanda kimoja. Alikaa na hesabu hiyo miezi kadhaa, halafu siku moja akaitoa kwenye foleni ya tangi, akimwambia Mwenye Ploti kwa sauti ya kutusikilizisha kwamba ploti ya Wakristo inaingiwa na mambo. Wanawake wazima wawili, hakuna bwana, hakuna mtoto, na kitanda ni kimoja. 

Mwenye Ploti hakuinuka. “Mama Grace,” akasema, “nikianza kuhesabu vitanda ya watu nitaanza na yako. Wewe uko na mbili na bado mnapigana usiku mpaka mbuzi zinaamka.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Lakini jioni hiyohiyo aliniita. Alisema ninunue kitanda cha pili, kabla ya Jumapili, na kibebwe mchana ili kila mtu akione. Nikamwambia chumba hakitoshi. “Kitatosha,” akasema. “Hata kama ni cha kuwekea suruali.” Nilinunua. Kilikaa pale miaka yote kikiwa kimelaliwa na suruali, na sijawahi kuwa na stoo bora kuliko hiyo. Ndivyo alivyokuwa: mchana atakutetea mbele ya watu, jioni atakutoza faini ya kukutetea.

Kuna mwaka mmoja wa uchaguzi ambapo wanaume wawili wa ukoo wake walikuja kumwambia atoe watu wa ziwa kwenye vyumba vyake, maana kila mahali maneno ya makabila yalikuwa yamechacha. Nilikuwa ndani, mlango umerudishwa, Nekesa amenishika kiuno. Mwenye Ploti aliwasikiliza hadi mwisho. Halafu akawauliza ni yupi kati yao atakayelala chumba cha langoni, kwa sababu aliyepo huamka kabla ya jogoo na kufagia choo hata kama si zamu yake. Wakaondoka. Mimi nilifungua mlango nimshukuru, akaniambia choo kinaningoja.

Sasa niseme tuliendaje kwake hasa, maana vyumba Nairobi havikuwa haba.

Kabla ya Kawangware nilikaa Kibera, upande wa Kianda, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyepika changaa. Sitaki kuisema vibaya nyumba ile. Kila mahali pengine nilipokwenda, kanisani, kwa dada yangu, kwenye matanga ya watu wa kwetu, swali lilikuwa moja: utaolewa lini. Kwa watu wetu binti asiyeolewa hana mahali pake nyumbani. Hata kaburi lake huwekwa nje ya ua. Pale kwa mama wa changaa hakuna aliyeniuliza. Mlevi haulizwi kuhusu harusi. Walinisogezea benchi, wakanipa glasi, wakaniita “wetu”. Nilikuwa msichana aliyependa wasichana na nilikuwa nimebeba jambo hilo peke yangu tangu shuleni kama mtu aliyebeba gunia katikati ya watu akijifanya hana kitu mgongoni. Benchi lile lilikuwa mahali pa kwanza nilipolitua. Tatizo ni kwamba kila glasi ilinisahaulisha pia mahali nilipolitua.

Nekesa ndiye aliyenitoa, na hakunitoa kwa maneno matamu. Alikuja kutoka Kawangware asubuhi moja akanikuta nimelala kando ya mtaro, bale langu la suruali limekwenda na mwenye mikono mirefu, akasema yeye husuka nywele za watu wazima tu, na mimi nikishakuwa mtu mzima nimtafute. Ilinichukua muda kuwa mtu mzima. Kulikuwa na kikundi cha Jumamosi, walevi wanaotaka kuacha, tuliokutana katika darasa la chekechea la kanisa moja. Viti vilikuwa vya watoto. Fikiria makanga wa matatu na mafundi wa mawe wamekaa magoti yakiwa karibu na masikio, wanalia. Nami nilisema yangu, nikimtaja Nekesa kama “mtu wangu”, na Kiswahili kina huruma, hakikunidai zaidi. Lakini nilirudi kutoka vile viti nikiwa mkavu na bila benchi. Wale wa changaa hawakunitaka bila kiu, na wa kanisani hawakunitaka bila bwana.

Hapo ndipo Nekesa alipoleta habari za saluni. Alisema huko 56 kuna mwanamke mzee mwenye ploti ambaye ana mke. Si kwa kejeli, si kwa siri. Alimlipia mahari, mbuzi walihesabiwa mbele ya wazee, na hakuna anayemrushia jiwe. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikasema twende.

Huyo mke tulimwita Mama Mdogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mdogo kwa Mwenye Ploti kwa miaka mingi lakini naye mvi zimeshamwingia, asiye na meno ya mbele, mwenye kuwasemesha mbuzi kuliko watu. Alikuwa na watoto watatu wazima walioitwa kwa jina la marehemu mume wa Mwenye Ploti, ambaye alikufa kabla hata mmoja wao hajatungwa. Kila mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa na chumba chake na kipande chake cha kamba. Nami nilikaa kuwatazama kama mkulima anavyotazama mawingu. Niliona Mwenye Ploti akimfokea kutwa: chai ya maji, mbuzi wamechelewa, mlango haukufungwa. Niliona pia kwamba wakiletewa muwa, Mwenye Ploti anaumenya, anaukata vipande vyembamba, anaviponda kwa jiwe, halafu anamsukumia sahani huku bado anamfokea. Nikajiambia, hao ni sisi. Wamezeeka tu.

Siku niliyomwambia Mwenye Ploti ilikuwa msimu wa baridi. Alikuja kwenye meza yangu kutafuta suruali ya kuvaa chini ya rinda. Sisi wa mitumba hatupimi kwa kuvaa, hatuna chumba. Tunakizungusha kiuno cha suruali shingoni mwa mteja, na kikikutana nyuma ya shingo, tumboni nako kitakutana. Nikamzungushia. Nikiwa nimemshika hivyo, nikaona hawezi kuondoka, nikasema.

“Shosho, mimi na Nekesa ni kama wewe na Mama Mdogo.”

Hakushtuka. Alikuwa kama anayesikiliza bei ya kwanza.

“Muko na shamba?”

“Hatuna.”

“Muko na bwana alikufa bila mtoto?”

“Hapana.”

“Sasa mko kama mimi namna gani?”

Nikasema nampenda.

“Hiyo ndiyo sababu mbaya kabisa ya kuoa mtu,” akasema. “Mimi nilioa sababu ya shamba. Bwana yangu alikufa, mimi sikuzaa, ndugu zake walianza kupima shamba kwa hatua kabla chai ya matanga haijapoa. Nikaleta huyu azalie hiyo nyumba watoto. Ni desturi, uliza mzee yeyote. Hiyo yenu mimi siijui. Na toa hii kitu shingo yangu, inanibana.”

Ilikuwa na nafasi ya vidole viwili. Nilipima tena ili awe na hakika. Akainunua, baada ya kuniondokea mara mbili, na safari hii mimi ndiye niliyemwita.

Nilikuwa nimevuka mji mzima nikiamini kuna mlango wenye jina langu, na kumbe ulikuwa mlango wa shamba. Jioni hiyo kiu ilinirudia, ile yenyewe, inayoanzia nyuma ya meno. Nekesa alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka nywele ambazo hazikuhitaji kusukwa, polepole, akizifumua na kuzianza upya hadi kibatari kikaisha mafuta. Nilikuwa nangoja kuambiwa tuhame. Asubuhi Mwenye Ploti alikuwa kwenye mtungi wake, suruali mpya ikichungulia chini ya rinda, na alichosema kilikuwa kwamba zamu ya choo ni yangu. Haikuwa yangu. Nilifagia.

Kuhusu kunywa alikuwa mkali kuliko askari. Mpangaji mmoja alijaribu kuficha changaa ndani ya tangi la stovu, na Mwenye Ploti aliinusa akiwa langoni, akaimwaga mwenyewe, na jamaa akahama kabla ya jua kusimama. Jumapili aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kuamrisha. Lakini muratina, ile pombe ya asali ya wazee wao, alikataa katakata kuiita pombe. Hiyo ni desturi, alisema, na neno hilo likishatoka kinywani mwake hata mchungaji alikuwa anaangalia saa yake.

Basi akaja mtu kumposa binti wa Mama Mdogo. Siku ya mahari uwanja wetu ulifagiliwa, mbuzi wakahamishiwa kwa jirani, kamba ya nguo ikafunguliwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyoona. Wapangaji wote tulipewa kazi. Mimi nilihesabu viti. Wageni walileta muratina katika mitungi iliyofungwa majani. Kwa kawaida yao baba wa msichana ndiye mwenye shughuli, na hapa baba alikuwa Mwenye Ploti. Alikaa kiti cha katikati miongoni mwa wazee, koti limepigwa pasi, ameshika pembe ya ng'ombe iliyong'arishwa kwa miaka mingi ya mikono. Akamuuliza binti mbele ya watu kama pombe hii inywewe. Binti akasema inywewe. Kunywa ndiko kukubali, na wanaokunywa upande wetu ndio wenye nyumba. Mwenye Ploti akanywa kwanza. Akajaza, akampa shemeji yake. Akajaza, akampa mzee wa pili. Wanawake walikuwa kando, wakigawiwa uji katika vibuyu, na Mama Mdogo kati yao.

Kisha akajaza tena na kuangaza uwanjani, hadi akaniona nimesimama na kiti mkononi.

“Wa Samaki,” akasema. “Kuja.”

Nilikwenda. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya heshima, ya kijivu. Akaninyooshea pembe kwa mikono miwili, na wazee wote wakageuza shingo. Harufu ilinifikia kabla yake. Asali, na chini ya asali yule rafiki yangu wa zamani, akiniita “wetu” kwa sauti ileile ya Kianda. Nilimwona Nekesa karibu na tangi, ameshika kibuyu, hajanywa. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kutokuwa wa mahali popote anaweza kuelewa ilivyokuwa. Mwanamke aliyeniambia kwamba hiyo yetu haijui alikuwa ananiita mbele ya ukoo wake wote, na kilichokuwa kati yangu na kiti miongoni mwao ni mafunda matatu. Manne, labda.

“Shosho, sinywi.”

“Hii si pombe. Hii ni desturi.”

“Najua. Sinywi.”

Pembe ilibaki hewani muda ambao nikiukumbuka huwa mrefu zaidi kila mwaka. Mzee mmoja akakohoa. Halafu Mwenye Ploti akairudisha kifuani mwake, akainywa yote mwenyewe bila kunitazama, akajaza, akampa mtu mwingine.

Nilikwenda nyuma ya tangi. Tone moja lilikuwa limenidondokea kidoleni, nikanawa, nikanusa, nikanawa tena. Nilikuwa bado nimechuchumaa Mama Mdogo alipokuja na kibuyu cha uji, akachuchumaa kando yangu kama tunachunga mbuzi.

“Unajua amekupa nini?” akaniuliza.

Nikasema pombe.

“Amekupa ya wanaume. Ya wenye nyumba. Hajawahi kupatia mwanamke. Hata mimi, miaka yote hii, hajawahi nipatia.” Alinywa uji kidogo, akanipa. “Ameona wewe pia ni mwenye nyumba kama yeye. Sasa atakasirika sana, sababu hajui atakupa nini ingine.”

Alikasirika. Alinikasirikia kwa uvumilivu wa mtu mwenye ploti. Alimsalimia Nekesa, alimuuliza Nekesa habari za kazi, alimwambia Nekesa amwambie yule anayekaa naye kwamba soksi yake imevuka kitambaa. Zamu yangu ya choo ilikuja kwa zamu yake halisi, si zaidi, na hapo nikajua hali ni mbaya. Kila mwisho wa mwezi nilingoja atuambie tutafute kwingine. Hakusema. Jumamosi kwenye viti vya watoto nilisema nilikataa kikombe na kwa kukikataa nimepoteza nyumba, na fundi mmoja wa mawe akaniuliza kama bado nina ufunguo. Nikasema ninao. Akasema basi nisimalize hesabu.

Mama Mdogo alifariki msimu wa mvua ndefu, kifua kilichoanza kama mafua. Walimzika kwenye kishamba chao upande wa Dagoretti, nasi wapangaji tukaenda. Mwenye Ploti hakulia. Alisimama kwenye udongo ule mbichi akiwafokea wachimbaji kwamba upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Ulikuwa sawa. Wakausawazisha hata hivyo.

Siku kadhaa baadaye nilitoka asubuhi na sikumkuta Mwenye Ploti kwenye mtungi wake. Mtungi ulikuwa peke yake langoni, na kwa mazoea nilitazama kamba. Koti lake la mwanamume lilikuwa limeanikwa, limefuliwa, na kando yake, bega kwa bega, rinda la kahawia la Mama Mdogo ambalo kila mbuzi wa Kawangware alilijua. Kitambaa chekundu kilichogawa kipande chake na cha mwenzake hakikuwapo. Nikadhani nimehesabu vibaya. Nikaanza upya kutoka tangini. Vyote vingine vilikuwepo.

“Wa Samaki.” Sauti ilitoka chumbani kwake. “Kuja.”

Hakuwa ameniita tangu siku ya mahari. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa rinda tu na ile suruali aliyoinunua kwangu chini yake, mdogo bila lile koti. Jicho moja lilikuwa limeanza kufunga ukungu. Kwenye sahani kulikuwa na vipande vya muwa, vyembamba, vimepondwa kwa jiwe, vimekauka. Nikamwambia pole, na akanipa kiti.

“Yule wako wa nywele,” akasema, “anakula vizuri?”

“Anakula, Shosho.”

“Asikae na njaa akisuka. Anaonekana ni mtu wa kusahau.”

Nikasema nitamwambia. Mbuzi walikuwa wanalia bandani. Alisikiliza kidogo kama anayengoja mtu awajibu.

“Nilikuambia nilioa sababu ya shamba,” akasema.

“Uliniambia.”

“Shamba liko.” Akaonyesha mlango kwa kidevu, uwanja, vyumba, mabati, na upande wa Dagoretti nyuma ya yote. “Angalia. Liko yote. Hakuna hata hatua moja imepotea.”

Nimefanya biashara miaka mingi na najua tofauti ya mtu anapotaja kitu na anapotaja bei ya kitu. Kisha akainama chini ya kitanda, akatoa ile pembe ya ng'ombe, na sufuria iliyofunikwa, akamimina, akajaza hadi ukingoni. Akaninyooshea kwa mikono miwili, sawa na siku ile, ila sasa hapakuwa na mzee wa kugeuza shingo.

Nilibaki nimeitazama.

“Ni uji,” akasema. “Nimeonja mara mbili.”

Nikaipokea. Ulikuwa uji wa wimbi, umepoa, na sukari nyingi kama wanavyoweka watu ambao hawajui kupika uji kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwapikia. Nikanywa wote bila kushusha. Nilipomaliza niliigeuza pembe juu chini, kama nilivyoona wazee wakifanya, kuonyesha kwamba mwenye nyumba hajabakisha. Mwenye Ploti akainama kwa jicho lake zima, akatazama sakafuni kama kuna tone. Akatazama tena.